Wigi la Misri Tulilosokota Kenyatta Market

Naomba radhi mapema kwa mwandiko huu na kwa tahajia yake. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo vidole vyangu vimeshika nywele zaidi ya kalamu. Maneno mengine nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia, na mengine nimeyafuta mara tatu mpaka karatasi ikatoboka. Huandika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua muda wa kusuka kichwa kizima. Lakini nimeombwa nieleze mwenyewe jinsi tulivyotengeneza lile wigi, na aliyeniomba alinikataza kumpa mtu mwingine aninyooshee maneno.

Mimi ni msusi Kenyatta Market. Upande mmoja wa soko kuna moshi wa nyama choma, na upande wetu kuna vibanda vya nywele vilivyobanana, kila kimoja na kioo, viti viwili na wanawake waliosimama mlangoni wakiwaita wapita njia. "Dada, unasuka? Kuja tukutengeneze." Mimi siiti. Nimejaribu, sauti haitoki. Mwenzangu katika kibanda ndiye huita, kwa kuwa ana sauti ya kututosha sote wawili. Ni mama wa watoto wakubwa, ananipita miaka mingi, na hutumia mkono wa kushoto. Huniita mami wakati wa furaha na "we mtoto" wakati mwingine wote.

Sokoni kwetu kichwa hakisukwi na mtu mmoja. Mteja akikaa, wawili wanasimama, mmoja kila upande, na akiwa na haraka wa tatu anaingia kutoka kibanda cha jirani. Haulizwi na haulizi. Ukiona kichwa kina mtu mmoja, unaweka mkono. Hilo nilifundishwa kabla sijafundishwa hata kugawa nywele kwa chanuo. Mimi husimama upande wa kulia wa mteja, mwenzangu upande wa kushoto, na tunakutana kisogoni.

Mwaka jana, mwanzo wa Juni, mwanamke mmoja alisimama mbele ya kibanda chetu kwa muda mrefu. Hakutazama picha za mitindo ukutani. Alitazama mikono yetu.

Mwenzangu akamwambia, "Madam, unasuka ama umetumwa na kanjo?"

Yule mama alicheka. Akasema hakutumwa na askari wa kaunti, yeye ni mwalimu wa chuo mjini, na bado ni mwanafunzi pia, anatafuta shahada ya udaktari. Alikuwa anachunguza maisha ya watu wa Misri ya kale: walivyovaa, walivyofuga, miti na wadudu waliowatumia. Sura moja ya kitabu chake ilihusu nywele. Akafungua faili na kutoa picha kubwa.

Lilikuwa wigi. Alisema lilitolewa kaburini, lina umri wa maelfu ya miaka, na sasa liko ng'ambo ndani ya kabati la vioo. Lilikuwa limepigwa picha kutoka nyuma. Misokoto myembamba, mamia kwa mamia, ilishuka kutoka kwenye wavu wa nyuzi kama mvua.

"Hiyo nywele ni ya maiti?" mwenzangu akauliza.

"Ni za watu waliokuwa hai wakati zinakatwa."

"Na huyo aliyevaa?"

"Huyo ndiye amekufa."

"Basi huyo hawezi kurudi kulalamika. Ni mteja mzuri."

Madam alitaka tumsokotee nusu ya nyuma ya wigi kama lile, kwa nywele za watu na si rasta, zile nywele bandia za dukani. Alitaka kujua kazi ile inachukua siku ngapi, vidole vinachoka wapi, na nta inafanya nini. Tayari alikuwa ameandika kwamba wigi lile lilikuwa kazi ya fundi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu misokoto yake ililingana sana. Kwa hiyo na sisi ilibidi awe mtu mmoja. Akaninyooshea kidole.

"Nataka huyu. Nimemtazama. Mkono wake haubadiliki."

"Huyu?" mwenzangu akasema. "Huyu ukimsalimia leo anajibu kesho."

"Sitaki anisalimie. Nataka asokote."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo sikuhitaji kuongea, nami niliipenda tangu siku ya kwanza. Asubuhi, kabla wateja hawajaja, na jioni wakishaondoka, nilikaa kwenye kiti cha mteja na kichwa cha plastiki alichokileta madam mapajani. Wavu ulikuwa umefumwa na madam mwenyewe. Nywele alizinunua mjini kwa mfanyabiashara wa Kihindi ambaye, alipoambiwa ni za nini, alimwongezea fungu zima na kumwomba aje kumwonyesha kazi ikiisha.

Kitu cha kwanza kunishinda kilikuwa miisho. Rasta ukimaliza kuisuka, unachovya ncha zake kwenye maji ya moto na hazifunguki tena. Nilichovya misokoto yangu kumi ya kwanza bila kufikiri, kama ninavyofanya kila siku, nayo yote ikafunguka ndani ya sufuria ikaelea. Madam hakukasirika. Aliandika katika daftari lake. Wamisri walitumia nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa miti, akaniambia, na siku iliyofuata akaleta nta kutoka kwa mzee mmoja anayefuga nyuki Dagoretti.

Tuliiyeyusha kwenye jiko la makaa. Ilikuwa baridi ya Julai na nta iliganda kwenye vidole vyangu kabla sijafika kwenye ncha. Madam alisema kule Misri tatizo lilikuwa kinyume, ni joto, wakati mwingine nta ingelainika juani kichwani mwa mtu. Siku ya pili nyuki walikuja. Sijui walitoka wapi katikati ya moshi wa nyama, lakini walikuja, wakazunguka sufuria, na mchoma nyama wa karibu akaja na koleo lake mkononi.

"Nyinyi wanawake mnapika nini hapa?"

"Nywele," mwenzangu akajibu.

"Wateja wangu wanakimbia."

"Waambie ni nyuki wa kisomi."

Madam alikuwa ameinama akiwatazama nyuki wale kwa furaha kama mtoto. Alinieleza kuwa Wamisri walifuga nyuki ndani ya mirija mirefu ya udongo, iliyopangwa mmoja juu ya mwingine kama magogo. Nilimsikiliza huku nikisokota. Shuleni sikupenda kuulizwa maswali, lakini kueleza kwake hakukuwa na maswali, na jioni nikirudi nyumbani Kabiria nilikuwa nikimsimulia mama mdogo ninayeishi naye habari za Misri mpaka akauliza ni nani amenifungua mdomo.

Kufikia katikati ya Agosti nusu ya wigi ilikuwa karibu kuisha. Madam alikuwa na siku yake Alhamisi ya wiki iliyofuata: angesimama mbele ya maprofesa kukitetea kitabu chake, na wigi langu lingekuwa mezani kama ushahidi. Alisema hivyo, ushahidi. Alikuwa amefanya kazi ile miaka sita akifundisha na kulea.

Ijumaa ile bibi harusi mmoja alikaa kibanda cha jirani akiwa amechelewa sana. Jirani akanipungia mkono. Nilikiacha kichwa cha plastiki juu ya kiti, nikaenda kuweka mkono kwa bibi harusi, na nikakaa huko karibu saa mbili.

Niliporudi, mwenzangu alikuwa amekaa mahali pangu na kichwa cha Misri mapajani mwake.

"Nimekusongeza mbele," akasema, akijisikia vizuri. "Nimeipata peke yake hapa, hakuna mtu, nikasema wacha nisaidie mtoto."

Alikuwa ametia misokoto thelathini na kitu, na nta juu yake, safi kabisa. Nilimwambia asante. Ningesema nini? Kichwa kilikuwa bila mtu, naye aliweka mkono.

Lakini niliona mara moja kilichoharibika. Msokoto ni mafungu mawili ya nywele yanayozungukana. Yangu mimi mistari yake hupanda kutoka kushoto kwenda kulia. Ya mwenzangu, kwa sababu ya mkono wake, hupanda kutoka kulia kwenda kushoto. Kichwani mwa mteja hakuna anayetambua, maana kila mmoja wetu ana upande wake na nywele zinatikisika. Hapa yake ilikuwa imeingia pembeni, upande wa kushoto, karibu na yangu, na mimi niliona kama mtu anavyoona shati lililofungwa kifungo vibaya.

Mwenzangu alipotoka kuita wateja nilianza kuifungua. Nilifungua mmoja. Kisha nikajiambia nitazame kwanza kwenye ile picha ya Misri kama mtu mwingine angeweza kutambua tofauti ndogo kama hiyo. Nilichukua picha kutoka kwenye faili nikaisogeza karibu na macho.

Upande wa kulia wa wigi, mistari ilipanda kutoka kushoto kwenda kulia. Kama yangu. Upande wa kushoto ilipanda kutoka kulia kwenda kushoto. Kama yake. Na kisogoni katikati ilikuwa imechanganyika, miwili ya huku, mmoja wa kule, mitatu ya huku.

Pale katikati nilipajua. Nimesimama pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Ni mahali ambapo wasusi wawili wanafikiana, viwiko vinagongana, na mwenye kasi anavuka kuingia upande wa mwenziwe ili mteja aende nyumbani. Watu wawili walikuwa wamesimama nyuma ya wigi lile, na mmoja wao alikuwa wa mkono wa kushoto.

Furaha yangu haikudumu hata dakika. Kitabu cha madam kilisema fundi mmoja. Zilibaki siku sita. Kama ningefungua ile misokoto ya mwenzangu na kuisokota upya, hakuna ambaye angejua lolote, na madam angepata udaktari wake. Kama ningesema, ningemwambia kwamba jaribio lake limeingiliwa na mtu wa pili na kwamba sura yake ina kosa. Na ningelazimika kumwambia mimi, wa darasa la nane, ambaye hata kuita mteja siwezi.

Sikufungua misokoto zaidi. Wala sikuwa nimeamua kusema. Niliifunika kwa kitambaa tu.

Jumamosi madam alikuja na rula yake. Aliuliza nimeendeleaje, nikasema vizuri. Alifunua kitambaa, akapima, akaandika. Alitabasamu peke yake. "Unaona?" akasema. "Mkono mmoja tangu juu mpaka chini. Hata mwanafunzi wangu mvivu ataona."

Mwenzangu aliacha kuita wateja. Nadhani ndipo alipoelewa. Akanitazama.

Nilichukua ile picha nikaweka kidole kisogoni.

"Hapa," nikasema.

"Hapa nini?"

"Hapa kuna mtu mwingine."

Nilimwonyesha madam. Niliweka msokoto wangu kando ya msokoto wa mwenzangu, kisha nikaweka kidole kwenye picha, kulia, halafu kushoto. Alichukua muda kuona. Halafu nilijua ameona, kwa sababu alivua miwani.

"Picha inaweza kugeuzwa wakati wa kuchapa," akasema.

"Lakini zote mbili ziko kwa picha moja."

"Labda hii ya kushoto waliishika juu chini."

Nilipindua msokoto mmoja juu chini mbele yake. Mistari iliendelea kupanda upande uleule. Akaupindua mwenyewe mara mbili.

"Mtu mmoja anaweza kubadilisha."

Nilijaribu. Nilisokota kinyume na mkono wangu, polepole, nikajitahidi, na msokoto ukawa mlegevu kama uzi wa soksi kuukuu. Wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Ile ya kwenye picha ilikuwa imekaza pande zote mbili.

"Na hii ya huku," madam akauliza, akigusa ile thelathini na kitu, "ilitoka wapi?"

"Ni mimi," mwenzangu akasema. "Niliweka mkono. Sikujua ni mtihani. Kichwa ilikuwa imekaa peke yake, madam. Ningeiachaje?"

Madam alikaa kwenye kiti cha mteja. Alitazama wigi, akatazama picha, akatutazama tulivyokuwa tumesimama, mimi kulia kwake na mwenzangu kushoto, kama tulivyozoea. Mwishowe akasema Alhamisi yuko mbele ya maprofesa. Akatia picha kwenye faili akaondoka bila kutuaga.

"We mtoto," mwenzangu akasema. "Leo umeongea maneno mengi kuliko mwaka mzima, na yote umeyatumia kubomoa nyumba ya mtu."

"Si wewe uliweka mkono?"

"Mimi niliweka mkono. Mdomo uliweka wewe."

Jumapili sikusikia mahubiri. Jumatatu nilisuka vichwa viwili vibaya. Jumanne mchana madam alirudi na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikuwa amewaandikia wanaolitunza lile wigi, nao wakamtumia picha nyingine, kubwa zaidi, zilizopigwa kutoka pembe zote. Alizifungua kwenye simu yake. Kulia, kushoto, na mchanganyiko kisogoni. Kila picha.

"Mnakuja Alhamisi," akasema. "Nyote wawili. Na hicho kichwa kama kilivyo, msiguse kitu."

Chumba kilikuwa ghorofa ya nne katikati ya mji, na dirisha lake lilitazama mabati ya jengo lingine. Mwenzangu alivaa suti yake ya kanisani. Maprofesa walikuwa watatu. Madam alianza kwa kuwaambia kwamba sura ya nne ya kitabu walichokisoma ina kosa, na kwamba waliolipata kosa hilo ndio hawa. Nilitazama viatu vyangu.

Kisha tukasokota. Tulisimama kila mmoja upande wake wa kichwa kipya cha plastiki, tukaanza juu, na baada ya muda nilisahau waliokuwamo. Kazi ni kazi. Tulipofika kisogoni mwenzangu, ambaye ni mwepesi, alivuka upande wangu, na nikasikia madam akiwaambia maprofesa, "Hapo. Angalieni hapo."

Profesa mmoja mzee, mwembamba, akaniuliza mimi na si madam nimejuaje kwamba hakuwa mtu mmoja mwenye kutumia mikono yote miwili.

"Mmoja ningeweza," nikasema. "Mia moja ifanane, siwezi. Sijaona mtu anayeweza."

"Umeona wasusi wangapi?"

"Soko nzima, prof," mwenzangu akaingilia. "Kuja ujaribu mwenyewe, hatukuumi."

Akaja kweli. Alisokota mmoja huku ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo, na ulipofunguka wote walicheka, yeye akiwa wa kwanza. Aliomba afundishwe tena.

Tulitolewa nje, tukangoja kwenye kiti kirefu cha ukumbini. Madam alipotoka alikuwa ameshika faili kifuani. Walimwambia arudi akaandike sura ya nne upya na aje tena mwakani. Walimwambia pia kwamba sura hiyo ikikamilika itakuwa nzuri kuliko zote, lakini hilo alilisema mwishoni na kwa sauti ndogo.

Tulikwenda kunywa chai kwenye hoteli ya karibu. Alikoroga ya kwake muda mrefu.

"Ungenyamaza," akaniambia, "saa hii ningekuwa daktari."

"Najua. Pole, madam."

"Usiniambie pole." Akanisukumia sahani ya mandazi. "Niambie hiki. Mkifika kisogoni, ni nani huamua nani avuke?"

Nilifikiri. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza kwamba hakuna anayeamua, ni mteja akianza kuhemahema, na kwamba mwenye kasi huvuka lakini mwenye mkono mgumu hukataa. Mwenzangu akapinga, akasema mkubwa ndiye huvuka. Tukabishana. Madam akatoa daftari. Tulikaa pale mpaka mhudumu akaja kufuta meza mara ya pili, na mimi nadhani niliongea zaidi ya wote.

Tangu wakati huo mimi na madam tunafanya kazi pamoja. Siku zisizo na wateja wengi nazunguka kwenye saluni za Kawangware, Riruta na Dagoretti nikiwatazama wasusi wanavyosimama, na naandika. Huwa nalazimika kusalimia kwanza. Mara nyingine mtu hunijibu vibaya, mara nyingi hunipa kiti. Nimegundua kwamba wenzetu wa mkono wa kushoto huwekwa karibu kila mara upande wa kushoto wa kichwa, hata pale ambapo hakuna aliyesema wawekwe huko. Madam anataka kujua kama ni hivyo mahali pengine, kwa sababu akijua hivyo kwa watu walio hai ataweza kusema jambo kuhusu wale wawili wa Misri, ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Nairobi peke yake haitoshi, ndiyo maana madam akaniomba niandike haya kwa mkono wangu. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama unasuka, au ulisukwa na watu wawili kwa pamoja, naomba uniandikie. Nieleze ni nani alisimama upande gani, anatumia mkono gani, na mlipokutana kisogoni mlifanya nini. Peleka barua kwa waliochapisha maandishi haya, wataileta sokoni. Nitazisoma zote na madam, na kila aliyeandika nitamjibu.